Mstari wa Suruali ya Bwana Mkubwa

"Naapa kwa macho yangu haya mawili, kama naongopa yapofuke: kisa hiki ni kweli tupu!"

Mzee Dobi, kama alivyojiita mwenyewe pale makumbusho, aliyasema hayo akiwa hoi. Tangu jua lizame alikuwa amesimama kando ya pasi ya mkaa, akizipokea familia zilizokuja kutembea jioni ile, na magoti yalikuwa yakimlaumu. Hili lilikuwa kundi la mwisho: akina baba wanaopiga miayo, akina mama waliobeba viatu vya watoto mkononi, na watoto waliotazama vyungu na majembe hadi wakakinai.

Mkuu wa makumbusho, dada asiyecheka ovyo, alikuwa amemwonya mapema. "Mzee, leo soma kibao tu. Ukitia chumvi tena, nafasi hii nampa mtu mwingine."

Ilikuwa kazi ya kujitolea, lakini bila hiyo angeshinda nyumbani akitazamana na ukuta. Basi akasoma kibao: pasi ya chuma, ya mkaa, ilitumiwa na madobi wa mtaa. Mtoto mmoja akasinzia begani kwa baba yake. Mzee akaona haya, kumlaza mtoto wa watu kwa maneno makavu namna ile. Ulimi ukamwasha. Ndipo akaapa.

"Pasi hii niliishika mimi, maisha yangu yote ya kazi. Siku moja nikanyoosha suruali ya bwana mkubwa. Mstari ukatoka mkali, jamani! Alipoketi tu garini, gari likakatika vipande viwili. Dereva akaenda na upande wake, bwana mkubwa na wake, kila mmoja akafika kwake kwa njia yake!"

Watoto wakaangua kicheko. Aliyesinzia akaamka. "Babu, tuonyeshe basi!"

Ndani ya pasi mlikuwa na makaa, yamewashwa ili wageni waone moshi. Mzee hakuwa na pa kukimbilia. Akavuta kitambaa cheupe cha meza ya chai, akakitandaza, akaishusha pasi juu yake, akainamia matundu ya pasi na kupuliza kwa pumzi zote alizobakiwa nazo.

Majivu yakaruka kama kundi la nzi. Kitambaa kikawa madoadoa, na cheche moja ikakitoboa.

"Ebo! Dobi gani anapuliza pasi juu ya nguo?" Alikuwa mkewe, amesimama mlangoni, kaja kumchukua. "Unakwenda nayo pembeni kwanza! Miaka yote ile nanyoosha mimi, wewe unapeleka nguo kwa baiskeli, leo umekuwa dobi?"

"Mke wangu, taratibu, kuna wageni."

"Na wageni ndio nawaambia!"

Mkuu wa makumbusho, aliyevutwa na kelele zile, alikitazama kitambaa, akamtazama mzee. Hakupandisha sauti, pengine naye alikuwa amechoka. "Bibi, kuanzia leo hapa ni pako, ukikubali. Mzee, beseni liko uani."

Bibi akavuta kigoda, akashusha pumzi, akaanza kuwaeleza watoto mkaa gani hautoi cheche.

Uani, mzee alikunja suruali na kuinama penye bomba. Alisugua doa, likagoma. Akasugua tena.

"Usimalize sabuni ya watu!" mkewe alimpigia kelele dirishani. "Na hilo tundu utalishona mwenyewe!"

"Nimesikia, mama," akajibu, mgongo ukimlia, akamwaga maji machafu na kuanza upya.