Maoni ya Mzee Ponsian Yaangukia Ndoa

Emelyne alikuwa na chumba kimoja mtaa wa Kawajense, kompyuta iliyong'oka herufi B, na programu aliyoitengeneza mwenyewe, akaiita Pembeni. Ukifungua ukurasa wa mtandaoni, Pembeni ilikuruhusu kuandika maoni yako ubavuni, na mwenzako akifungua ukurasa uleule anayaona. Wakulima wa mpunga wa Usevya waliipenda sana, maana tovuti ya parokia yao ilikuwa na mwongozo wa kilimo, na kila mtu alikuwa na lake la kusema.

Mzee Ponsian alikuwa na zaidi ya lake. Siku moja akapiga simu akifoka.

"Wewe binti, nimeandika maoni kumi na saba. Wenzangu hawaoni hata moja. Umeyala?"

"Shikamoo, mzee. Sijayala. Mwongozo uliufungulia wapi?"

"Kwenye simu! Ulitaka niufungulie kwenye jembe?"

Alipomtumia anwani, Emelyne akaelewa. Mzee alikuwa amebonyeza linki iliyozungushwa kwenye kundi la wakulima, nayo ilibandikwa mkia mrefu wa herufi baada ya alama ya kuuliza, wa kuonyesha tu imetoka kwa nani. Mwongozo ni uleule, lakini Pembeni iliangalia anwani peke yake. Mkia ukibadilika, kwake huo ni waraka mwingine. Maoni ya mzee yalikaa salama mahali ambapo hakuna mwingine angefika.

Emelyne akaona asijisumbue. Akaiamuru Pembeni ikate kila kitu kuanzia alama ya kuuliza. Maoni yakatokea yote, akajipongeza kwa soda baridi.

Jumatatu asubuhi, chai ikiwa mdomoni, akapigiwa simu na Padri Melkior wa parokia ileile.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, padri."

"Hebu nisaidie. Nimefungua tangazo la ndoa ya Amedeus na Jeniffer. Ubavuni kuna maneno. Nikusomee?"

"Soma, padri."

"'Hii nimeijaribu misimu mitatu. Mwanzoni inasimama vizuri, halafu inalala kabla ya wakati. Simshauri mtu.'" Padri akakohoa. "Ameandika Ponsian. Shangazi wa bibi harusi yuko hapa ofisini."

Chai ikapita njia isiyo yake. Kurasa zote za parokia zilikuwa na anwani moja; kilichozitofautisha ni namba tu, nayo ilikaa baada ya alama ya kuuliza. Mwongozo ulikuwa namba saba, tangazo namba ishirini. Emelyne alipokata mikia, alikata na vichwa.

Shangazi, Mama Marsela, akapokonya simu. "Wewe ndiye mwenye mtambo? Huyu mzee habari za kulala kwa mkwe wetu kazijulia wapi?"

"Mama, anasema mbegu ya mpunga!"

"Mpunga gani unaitwa Amedeus?"

Ponsian aliitwa aeleze, akaharibu zaidi. Alisema hafuti hata nukta, aliyoandika ni kweli tupu, na anayebisha aende shambani akaone.

Emelyne akaizima Pembeni, akakaa siku mbili bila kutoka. Kurasa nyingi, ndani kabisa kusikoonekana na msomaji, huwa zimeandika anwani yao rasmi. Sasa Pembeni ikaanza kuuliza ukurasa wenyewe: jina lako halisi nani? Ukurasa ukinyamaza, inakata mikia ile tu inayojulikana haina kazi, na namba inaachwa ilipo.

Maoni yote yalirudi kwenye kurasa zake. Lakini aibu haikurekebishika kwa kompyuta, kwa hiyo Jumamosi akasafiri hadi Usevya kumwomba Amedeus radhi. Alimkuta kwenye karakana yake ya useremala, kijana mpole ambaye wiki nzima alikuwa akisalimiwa "habari ya mbegu".

"Nisamehe, kaka. Kosa ni langu, wala si la mzee."

"Usijali, dada." Amedeus alitazama chini, akajikuna shingo. "Watu wanakuja kunichungulia tu, halafu wanaona aibu kuondoka bure. Nimepata oda nne za vitanda."

Jeniffer, aliyekuwa akipiga msasa mguu wa kimoja, hakuinua hata uso. "Kesho padri anasoma tangazo la ndoa yetu kwa mara ya tatu. Mwenye pingamizi asimame kanisani kwa miguu yake tumwone."

Hakusimama mtu. Ponsian alikohoa mara moja, kanisa zima likageuka, naye akaapa kwamba ni vumbi.