Mlango wa Pili kwa Bwana Vumbi

Nasema ukweli, jirani wetu mwenye kiwanda cha matofali sikumpenda hata kidogo. Nilimbatiza Bwana Vumbi, na jina likashika mpaka wafanyakazi wake wakawa wanamwita hivyo. Mimi kazi yangu ni kupaka magari rangi, na vumbi na rangi mbichi ni paka na panya. Kila nilipokwenda kufyeka kiwanja ambacho mimi na mume wangu tulikuwa tumekipanga pale eneo la viwanda, nilisimama ukutani nikapaza sauti: "Wee Bwana Vumbi! Mwagia mchanga wako maji, utatuua!" Yeye anacheka tu, na hapo ndipo nilipozidi kuchemka.

Kiwanja kile kilikuwa tumaini letu la mwisho. Kando ya barabara, tulikofanyia kazi miaka yote, tulishaambiwa tuhame. Mume wangu ananyoosha bodi, mimi napaka rangi, kazi nyingine hatujui. Lakini gereji haifunguliwi hivi hivi, hata kwenye viwanda. Lazima kamati ya mipango ije, ikague, isikilize majirani, ndipo itoe kibali.

Wakaja asubuhi. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mwenye viatu vizuri mno kwa tope letu. Wakapima geti, wakatazama mahali pa kupulizia rangi, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nikaanza kumminya mume wangu mkono kwa furaha.

"Mlango wa pili uko wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Ni huu mmoja tu, mheshimiwa," mume wangu akajibu.

"Hapa kutakuwa na rangi na petroli. Moto ukizukia getini, watu watatokea wapi? Bila njia ya pili hatuwezi kutoa kibali."

Nikaangaza macho. Nyuma ukuta wa ghala, kushoto ukuta wa ghala, kulia ukuta wa Bwana Vumbi. Nikauachia mkono wa mume wangu.

"Majirani, mna neno?" mwenyekiti akawageukia majirani walioitwa.

Bwana Vumbi akanyoosha mkono. Nikajisemea, haya, kumekucha, leo ananilipa matusi yangu yote.

"Kiwanja hiki kilipokuwa kitupu," akaanza, "wezi waliruka ukuta wangu walivyotaka, wakabeba saruji. Tangu dada huyu aanze kuja, hajaruka hata mmoja. Wanaogopa mdomo wake. Hata mimi nauogopa."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti alijaribu kujikaza, akashindwa.

"Sasa mkimnyima kibali, mnanirudishia wezi. Ukuta wangu ubomolewe pale kwenye kona, uwekwe mlango. Mimi nina geti upande wa pili, watatokea kwangu. Kama ni kutia sahihi, natia sasa hivi."

Wanasema mdomo huponza kichwa. Jamani, wangu siku ile ulikiokoa, tena kwa mkono wa mtu niliyemtukana. Nilimwendea machozi yakinitoka mbele za wakubwa wale, wala sikuona haya. Muda wote ule sikuwahi hata kumwamkia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kumbe kuamkia unajua?"

Ukuta aliubomoa mwenyewe na vijana wake, kingo za mlango wakazijenga kwa matofali yao mapya, na akakataa hata soda yetu. Kibali kikatoka. Mungu ambariki yule mtu, sina neno lingine.

Gari letu la kwanza nililipaka bluu, likang'aa mpaka unajiona ndani yake. Kabla halijakauka, upepo ukaingia kupitia mlango ule ule na kulimwagia vumbi ubavu mzima. Mume wangu akaziba masikio, akisubiri.

Nikavuta pumzi. Nikachukua msasa, nikaanza upya.

"Mke wangu, unaumwa?"

"Niache nifanye kazi," nikamwambia. "Hili ni vumbi la kaka yangu."