Kandambili Zenye Matundu Matatu

Kwa mwaka mmoja na miezi minne nilimjua Zablon kwa utosi wake. Mimi nilikuwa juu ya paa la nyumba ya Baba Mansur, mtaa wa Suwaidi, Riyadh, nikianika nguo. Yeye alikuwa chini, kwenye kijia kati ya ukuta wetu na wa jirani, akisubiri kivuli kifike miguuni. Alikuwa dereva wa nyumba, mimi mfanyakazi wa ndani, na nyumba ile ilikuwa ya heshima zake: mwanamume asiye ndugu hakai chumba kimoja na mwanamke. Garini nilikaa kiti cha nyuma kabisa nikapewa kisogo, na uso wake ukanifikia vipande vipande kupitia kioo: jicho, nusu ya shavu, basi. Alipoinua kichwa kunitazama pale juu, jua lilimpiga akafumba macho na kuukunja uso wote. Kwa hiyo ungeniuliza Zablon alikuwa na sura gani, ningekueleza nywele zake zinavyojizungusha pale katikati, na kovu dogo jeupe pembeni.

Kila siku baada ya Adhuhuri, wenye nyumba wakishalala usingizi wa mchana, niliteremsha chupa ya chai ya tangawizi ndani ya kikapu cha vibanio, kwa kamba ya kuanikia. Kikapu hakikupanda kitupu. Mara kilileta kitawi cha nanaa, mara tende, mara karatasi aliyochorea gari la Baba Mansur likiwa na masikio. Tuliongea kwa sauti ya chini, Kiswahili chetu cha nyumbani, habari za Stacy wangu aliyekuwa darasa la sita kule Busia, na za mama yake Zablon aliyekataa katakata kuvaa miwani. Hatukuwahi kutamkiana mapenzi. Sasa nasema: yalikuwepo.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa saba, joto la kuvunja mawe. Nilichungulia nikaona utosi unarukaruka.

"Zablon, hiyo ni ngoma gani?"

"Wee nicheke tu, Mama Stacy. Mtu ameenda na akala zangu. Nimeziacha mlango wa nyuma nikiingiza maji jikoni, kutoka nje, mafi, hamna. Miguu inaiva huku!"

Akala hizo zilikuwa kichekesho cha nyumba nzima. Baba yake alimkatia kutoka tairi la lori, na nyayo zake zilichapa chini alama za gurudumu. Ila kwamba zimechukuliwa halikuwa jambo la ajabu. Viatu vya mlango wa nyuma havikuwa na mwenyewe. Aliyetaka kutoka uani alichomeka mguu kwenye jozi iliyo karibu, awe mwenye nyumba, mgeni au sisi. Mimi mwenyewe niliwahi kuvaa vya watu watatu kwa siku moja. Nikavua kandambili zangu za kijani, nikazitia kikapuni pamoja na chai, nikateremsha.

Zilimwishia katikati ya wayo. Visigino vilining'inia nje, naye akatembea hatua mbili kwa madaha kama bibi harusi, nikacheka hadi nikaziba mdomo kwa shuka mbichi. Nikiwa nafuta machozi niliona gari jeupe la Majid, mpwa wa Baba Mansur, limeegeshwa kwenye kivuli cha ukuta wa barabara ya nyuma. Niliona nikasahau, kwa kuwa Majid alikuja kila alipotaka.

Kabla ya Alasiri kelele zilipigwa. Baba Mansur alikutwa uani, penye bomba alipozoea kutawadha, kichwa kimepasukia kwenye ukingo wa saruji. Sisi wanawake tulizuiwa juu. Nilisikia tu ving'ora, na sauti ya Zablon ikisema neno moja kwa Kiarabu, la, la, la. Kesho yake baada ya maziko, Madam Hind, binti mkubwa wa marehemu, aliyekuwa amekuja kumtembelea baba yake juma hilo, alinichukua kwenda naye kwake Jeddah. Nikaambiwa dereva ndiye aliyemuua baba. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Nami nikaamini. Si yote, lakini niliamini kiasi cha kunikosesha usingizi, na hilo nalisema bila kujificha. Asubuhi ile Baba Mansur alikuwa amemkaripia Zablon mbele ya watu kwa sababu ya mkwaruzo wa mlango wa gari, na baada ya chai mimi niliteremka kupiga pasi, nisijue yeye alielekea wapi. Baba Mansur alikuwa mzee wangu. Kila asubuhi alimenya chungwa, akaligawa, akanipa nusu, akiniita binti yangu. Ningewezaje kumlilia na kumtetea aliyemuua? Miezi miwili nilipika, nikafua, nikajiambia kwamba utosi si mtu.

Ijumaa moja nilipewa ruhusa, nikaenda mtaa wa Hindawiyah kwa binamu yangu Lorine. Nilimkuta mumewe, Ephraim, dereva wa lori la Riyadh na Jeddah aliyejuana na Zablon, amefika asubuhi hiyo na anakula chapati kwa kasi ya mtu anayechelewa.

"Nimemwona Zablon," alisema. "Kule jela waliniruhusu nimpelekee nguo. Kichwa ngumu sana yule jamaa. Nimempa viatu vipya, amekataa. Anashinda na slipasi za kijani za mwanamke, kisigino chote nje. Walimshika nazo mguuni. Wakimuuliza ni za nani, ananyamaza. Alikuwa wapi saa hiyo, ananyamaza."

"Na kwa nini wanasema ni yeye?" niliuliza.

"Si ni akala! Kwa damu ya mzee kulikuwa na alama za tairi. Na akala zenyewe zilipatikana mlangoni kwa chumba chake. Yeye anasema ziliibwa, halas, basi, lakini hana shahidi."

Niliona kila kitu kwa mara moja: akala zilizopotea kabla ya chai, miguu iliyoiva, kikapu kikiteremka. Shahidi alikuwepo. Shahidi alikuwa amekaa Jeddah miezi miwili akimtilia shaka, ilhali Zablon ameuma meno ili jina la shahidi lisitajwe.

Lorine alinisoma usoni. Alinisindikiza hadi mlangoni, akanishika mkono.

"Sely, usijifanye shujaa. Utasema nini? Ulikuwa unapigia mwanaume stori kwa paa? Watasema mlipanga pamoja. Ikama yako, kibali chako cha kukaa, iko na kafili, mwajiri wako, na kafili ndiye amefiwa. Fikiria Stacy."

Nilimfikiria Stacy juma zima. Nilimfikiria nikipiga pasi, hadi nikaunguza mkono wa shati la mume wa Madam. Nilijitungia sababu nzuri za kunyamaza, na kila moja ilikuwa ya kweli.

Kisha ikaja asubuhi ya Alhamisi. Madam Hind aliketi jikoni, tasbihi ya baba yake ikiwa imezungushwa kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa mwanamke mkali kidogo, mwenye maneno machache, na tangu msiba yalizidi kupungua. Alichukua chungwa, akalimenya ganda kwa uzi mmoja usiokatika, vile vile alivyofanya marehemu, akaligawa. Nusu akanisogezea, wala hakunitazama. Nadhani hata hakujua amefanya nini.

Niliweka bakuli chini. "Madam, nina neno kuhusu Baba."

Nilimweleza kwa Kiarabu changu cha jikoni, na palipokosekana neno mikono yangu ilionyesha: kamba, kikapu, miguu juu ya moto. Hakunikatiza.

"Wewe na dereva," alisema mwishowe.

"Chai, Madam. Na maneno."

"Kwa kikapu?"

"Kwa kikapu. Hatujawahi kusimama mahali pamoja."

"Mtu akishikwa atasema lolote. Na mtu anayempenda naye atasema lolote. Nitajuaje kama viatu ni vyako?"

Nilikwenda chumbani nikarudi na beseni langu, kikombe changu cha plastiki na kitana. Nikavipindua mbele yake kimoja kimoja. Vyote vilikuwa na matundu matatu madogo yaliyopangana, yaliyotobolewa kwa msumari wa moto. Nilimweleza kwamba nilisoma shule ya bweni, na bwenini kitu kisicho na alama hakimalizi juma. Ndara zisizotobolewa zilikwenda na watu, ukabaki kutembea pekupeku hadi likizo. Nilikuwa na miaka arobaini na moja na bado nilitoboa kila kitu changu. Kandambili za kijani nilizitoboa chini, karibu na kisigino.

Alipitisha kidole juu ya matundu ya kikombe, moja, mbili, tatu. Hapo nikakumbuka lile lingine, nikalisema pia: gari jeupe kivulini, kabla ya kelele.

Kidole kilisimama.

"Majid alituambia alifika baada ya Alasiri," alisema polepole. "Mimi mwenyewe nilimwona akiingia kwa mlango wa mbele, analia. Nilimpa maji. Alitaka baba auze shamba la mitende. Baba alikataa."

Nilijua kwamba mwanamke huyu akitaka anaweza kunipandisha ndege kesho, na habari ikaishia pale juu ya meza na maganda ya chungwa. Majid alikuwa damu yake. Mimi nilikuwa nani? Alinitazama kwa muda mrefu, na macho yake, ambayo hayakuwahi kulia mbele yangu, yakajaa.

"Alikuwa anakupa nusu kila siku?"

"Kila siku, Madam."

Alisimama. "Vaa abaya yako. Yalla, twende."

Tulifika Riyadh siku iliyofuata, na Jumapili saa nne asubuhi nilikuwa ofisini kwa mchunguzi, mtu mpole mwenye macho mekundu ya kuchoka. Madam Hind alikaa pembeni yangu. Mkalimani alikuwa Mtanzania mmoja aliyetafsiri kwa uangalifu hata kigugumizi changu. Nilisema yote, nikaweka kikombe changu mezani. Mchunguzi aliandika, akaweka kalamu chini, akaagiza mshtakiwa aletwe.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mtu mfupi kuliko Zablon wangu. Masikio yake yalikuwa makubwa. Pua yake sikuwahi kuiona. Nilimtazama kama mgeni, na mgeni yule akanitazama, rangi ikamtoka.

Mchunguzi akamuuliza kama ananifahamu.

"Huyu mama simjui," alisema Zablon kwa Kiswahili, akatazama ukuta. "Mwambie aende nyumbani. Simjui kabisa."

Mkalimani alitafsiri. Miezi miwili mimi nilimtilia shaka, na yeye hata sasa, upanga ukiwa karibu na shingo, alikuwa bado ananificha.

"Mwambieni avue slipasi," nilisema.

Alisita. Mchunguzi akaashiria. Zablon akainama kuzivua, na hapo ndipo nilipomwona. Nywele zinajizungusha pale katikati, na kovu dogo jeupe pembeni. Nililia bila kujizuia, mbele ya mchunguzi na Madam na kila mtu, kwa kuwa ni yeye, ni yeye hasa, na nilikuwa na hamu naye kiasi ambacho sikukijua.

Mchunguzi alizipindua kandambili juu ya meza. Sakafu ya jela ilikuwa imezilamba, lakini moja ilionyesha matundu matatu kamili, na nyingine mawili na kivuli cha tatu. Akachukua kikombe changu, akaviweka pamoja. Akavitazama, akamtazama Madam Hind.

"Unayo namba ya Majid?"

Madam Hind aliitoa simu yake. Tasbihi iligonga meza, akazisoma tarakimu zote kwa sauti, hadi ya mwisho. Mchunguzi alitoka nazo, akiita mtu kwenye ujia.

Zablon alibaki amesimama pekupeku kwenye vigae. Kiyoyozi kilikuwa kikali, vidole vyake vya miguu vimejikunja. Kati yetu palikuwa na hatua tatu, na hatukuwahi kukaribiana hivyo uso kwa uso maishani. Askari wa mlangoni alikuwa anatutazama, kwa hiyo sikumwendea Zablon. Nilivua viatu vyangu nikiwa nimekaa, nikavisukuma kwa ncha ya mguu juu ya vigae hadi vikamfikia.

"Chini pana baridi," nilisema.

Alivitazama. Kisha akainua uso, na safari hii hapakuwa na jua la kumfumbisha macho.

"Hivi pia vitanibana, Mama Stacy," alisema, akaingiza vidole.