Ndoo ya Mama Agape

Niseme mapema: picha niliipiga mimi. Ilikuwa Mei 2015, kipindupindu kimeshaanza, wakimbizi wa Burundi wanashuka kila siku na meli kutoka Kagunga, na gari la matangazo linapita Ujiji likitufundisha dalili. Choo cha mgonjwa, lilisema, ni kama maji ya mchele.

Asubuhi hiyo nilikuwa dirishani. Nikamwona jirani yangu Dainess, Mama Agape, akimwaga mferejini ndoo ya maji meupe. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: "Mama Agape anamwaga uchafu wa mgonjwa. Jihadharini."

Nina stashahada, lakini sikutoka nje kuuliza.

Hadi saa sita picha ilikuwa imefika Simbo, kwa wakwe watarajiwa wa binti yake. Harusi ya Agape ilikuwa Jumamosi. Kundini watu wanaandika, "Warudi kwao Kongo hao." Dainess ana miaka kumi na tisa Ujiji! Mzee Bonaventura, baba mkubwa wa bwana harusi, akatuma sauti: hawaji kula kwenye nyumba ya ugonjwa.

Mlango wangu ukagongwa. Dainess, na ndoo yake.

"Mama Elia, nusa."

"Dainess, mimi..."

"Nusa!"

Nikanusa. Muhogo. Muhogo ulioloweshwa siku nne, ule uvundo ambao kila mtoto wa Kigoma anaujua kabla hajajua kusoma.

"Huo ni ugali wa harusi ya mwanangu," akasema. "Umemwona mgonjwa?"

"Sijamwona."

"Ila umemtangaza."

Nilifuta ile picha, lakini kwenye simu za watu wengine sikuweza kuifuta. Nikaandika kundini kwamba nimekosea, ulikuwa muhogo. Kisha nikavaa viatu, tukapanda pikipiki mpaka Simbo, Dainess katikati, mimi nyuma na beseni la muhogo mapajani. Kila shimo, maji yalinirukia.

Mzee Bonaventura alitupokea uani, ndugu zake wamekaa.

"Shikamoo, Mzee. Ile picha niliituma mimi. Nilichokiona ni hiki."

Akainama kwenye beseni, akanusa, akanitazama mimi niliyelowa kifua kizima.

"Mama, wewe ni mtu wa hapa hapa?"

"Nimezaliwa Mwandiga."

"Na muhogo hukuujua?"

Akacheka mpaka kofia ikadondoka. Ndugu wakafuata. Dainess alijizuia kidogo, naye akashindwa.

"Tutakuja," Mzee akasema. "Ila wewe utasimama mlangoni, unatunawisha wote. Kwa maji ya dawa."

"Hilo ningelifanya hata usingesema," nikajibu. "Na chakula kitolewe cha moto."

"Tena anatoa masharti!" akasema Dainess.

Jumamosi nilinawisha watu mia mbili na kumi. Vidole vilinichubuka kwa dawa. Agape alipita amependeza, akaninyooshea mikono na glovu zake nyeupe. Nikamwambia avue, sabuni haijui bibi harusi. Mama yake akanipiga picha nimeinamia ndoo, akaituma kundini: "Mama Elia anamwaga. Jihadharini."

Simu ililia mpaka chaji ikaisha.

Sufuria za ugali zilipofunuliwa tena, Mzee Bonaventura akanirudia na mikono mbele.

"Nimekunawisha mara mbili, Mzee."

"Nawisha tena. Naenda kuongeza."