Makopo ya Mfaume

Mtafutaji huchoka, na akichoka huwa hajapata kitu. Zuwena alikuwa amechoka tangu asubuhi. Alikuwa amepiga magoti chini ya mkorosho, karibu na uwanja wa ndege wa Kilwa Masoko, anakwangua udongo kwa kijiko cha chai, askari polisi alipokuja kusimama nyuma yake.

"Unafukua nini, dada?"

"Kopo, afande."

"La nani?"

"La mchezo."

Akamweleza. Mtu anaficha kopo mahali, anaweka alama yake kwenye ramani ya simu, na mwingine, hata awe ametoka ng'ambo, anaifuata alama ile mpaka alifikie. Akilipata anachukua kitu kidogo, anaacha kitu kidogo, analirudisha. Zuwena alikuwa na stashahada ya kuongoza watalii katika mji ambao waongozaji walikuwa wengi kuliko watalii, na mchezo huo alifundishwa na wageni aliowatembeza magofuni.

Askari, Koplo Idd, akachuchumaa. Akashusha sauti.

"Sema kweli, dada. Ni zile rupia alizofukia Mjerumani akikimbia vita? Maana kama ni rupia, mimi na wewe hatuna ugomvi."

Kopo likatoka. Lilikuwa la maziwa ya unga, limekazwa kwa mpira wa tyubu. Zuwena akalifungua, na ndani yake ikatoka chafya.

"Yarhamukallah," alisema Koplo Idd. Kisha akatazama huku na huku. "Nani kapiga chafya?"

"Kaka yangu, Mfaume."

"Yuko wapi?"

"Hilo ndilo ninalowauliza nyinyi tangu mwaka juzi."

Koplo alifikiri. Chafya, alisema, haina kosa katika sheria anazozijua yeye. Lakini kibali cha kuifukua je, anacho?

Mfaume alikuwa dereva wa bodaboda. Masika ya mwaka juzi, mchana kweupe, gari la polisi lilimchukua kijiweni, wenzake wote wakiona. Kosa lake, walisema wenzake, ni kumjibu askari. Mama yao, Bi Batuli, alikwenda kituoni, kituo ambacho jina lake halina haja hapa. Mkuu wa kituo, Inspekta Bashiru, alimpa kiti, akampa pole ya jua, akamwambia kwamba mtu huyo hajapata kumwona wala kumsikia.

Tangu siku hiyo Bi Batuli hakulia. Kutandika tanga la msiba wa mtu ambaye hujaambiwa amekufa ni kumchuria kifo, alisema, na tanga lisilotandikwa haliwezi kuanuliwa. Akawa hasuki nywele, haendi harusini, hapokei pole ya mtu. Alilitaka neno moja tu, litoke kinywani mwa waliomchukua: yupo, au hayupo. Na Zuwena, ambaye hakuweza kumpa mama yake neno hilo, alimletea kilichopatikana.

Makopo yalianza kutokea kwenye ramani yake msimu wa korosho. Hayakuwa na jina la aliyeyaficha.

La kijiji cha Mitole lilikuwa pembeni mwa shamba la ufuta, na ndani yake mlikuwa na kivuli cha Mfaume, kimekunjwa kama kanga ya dukani. Zuwena akakikung'uta, kikasimama, kirefu, bega la kushoto limelegea kidogo kama zamani. Akakipakia nyuma yake kwenye bodaboda. Hawakufika mbali. Trafiki mmoja wa kike, Afande Happiness, akanyoosha mkono katikati ya barabara.

"Mshikaki huo! Watu watatu pikipiki moja, mnakwenda kuzimu?"

"Tuko wawili, afande," alisema dereva.

"Na huyo wa nyuma?"

"Kivuli tu."

"Cha nani? Maana vyenu hivyo hapo chini nimeviona." Akaizunguka pikipiki polepole. "Tena hakina kofia ngumu."

"Afande, kivuli nacho kinapasuka kichwa?"

"Usinijibu."

Dereva akanyamaza. Alikuwa amekaa kijiwe kimoja na Mfaume. Kivuli kikashuka chenyewe, bila kuambiwa, kikamalizia safari kwa miguu.

Bi Batuli alikitazama kivuli cha mwanawe ukutani kwa muda mrefu.

"Kivuli si habari," alisema. "Hata mtu mzima wa afya anacho." Akakionyesha pa kulala.

Kopo la Likawage lilikuwa na kiu. Iliwashika watu wote waliokuwa karibu, na askari aliyetumwa kumkamata Zuwena kwa uchawi akaumaliza mtungi wa wenyewe, akakaa chini, akasahau alichotumwa. Zuwena alikunywa akalia, kwa sababu kiu ile haikuwa ya safari. Ilikuwa ya mtu aliyeomba maji akanyimwa.

Kisha ikatokea alama ya mwisho. Ilikuwa uani kwa kituo chenyewe, nyuma ya mahabusu.

Alikwenda asubuhi, kivuli kikimfuata.

"Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba, binti. Mama hajambo?"

Akamwambia kuna kopo uani kwake, anaomba kulifukua. Inspekta Bashiru alikuwa ameshafungua kinywa akatae, Koplo Idd alipomnong'oneza sikioni kwamba jengo lile ni boma la Mjerumani, na kwamba simu ya huyu dada haijapata kukosea. Inspekta alisita alipoona alama ilipoangukia. Lakini rupia ni rupia. Akavua koti, akaagiza sepetu, akamwambia Zuwena asimame pembeni, kazi hii si ya wanawake.

Walichimba wakitaniana. Afande Happiness alishika mwavuli juu ya kichwa cha mkuu wake. Koplo Idd alisema akipata fungu lake ataoa tena, wakamcheka, wakamuuliza wa kwanza anamlisha nini. Sepetu ikagonga bati. Inspekta akawasukuma wote, akalitwaa kopo kwa mikono yake mwenyewe, akalifungua.

"Shikamoo, afande," ilisema sauti ya Mfaume, changa, ya adabu, imekauka.

Inspekta Bashiru alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, na salamu haiachwi chini.

"Marahaba, Mfaume," alijibu. "Si nilikwambia unyamaze?"

Jogoo wa jirani akawika. Afande Happiness akauhamishia mwavuli mkono wa pili. Wote walikuwa wamesikia, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Kivuli kikapita katikati yao, kikashuka shimoni, kikajilaza kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea Kibla. Shimo lilikitosha.

"Hizi si rupia," alisema Koplo Idd hatimaye.

Hakuna aliyechimba zaidi. Walifukia, lakini udongo ulipojaa kivuli kilikuwa juu yake, kimelala vilevile. Tangu hapo askari huegesha pikipiki zao hapo saa sita mchana, kwa sababu ua ule hauna mti, na viti havichomi.

Zuwena alimsimulia mama yake yote. Bi Batuli alisikiliza mpaka mwisho.

"Marahaba hujibiwa mtu aliye hai," alisema. "Basi Inspekta bado hajaniambia." Na hakulia.

Siku hizi Inspekta humwita Zuwena ofisini mara kwa mara, humpa kiti, na kuagiza chai. Yeye si mtu mbaya, humwambia. Lakini askari wake walichimbishwa bure juani, na kituo kimepata maneno mjini. Binti aombe radhi mbele ya gwaride, aseme alikosea. Jioni ileile yeye Inspekta atakwenda mwenyewe kwa Bi Batuli, avue viatu mlangoni, amwambie kwamba mwanawe alikufa kwa homa. Mama aweke tanga lake, watu waje, dua isomwe, yaishe.

"Mama yako anazeeka, Zuwena."

"Anazeeka."

"Neno lake ninalo mimi. Nawe unanizuia kumpa kwa kiburi tu. Hebu tazama." Akamsogezea kikombe. "Ni maneno mawili, mwanangu. Naomba radhi. Hata kwa sauti ndogo."

Nje pikipiki iliwashwa, ikatoka kivulini. Zuwena aliiacha chai ilipokuwa.

"Siombi," alisema.