Shikamoo ya Helikopta

Mama wa rubani aliingia kambini akiwa na jibu moja tu: hapana. Jeshi lilikuwa limemwomba ruhusa ya kuandika jina la mwanawe kwenye mlango wa helikopta alimofia, ile iliyopigwa risasi ng'ambo, ikatengenezwa, ikarudi kazini. Yeye ni fundi cherehani, amemlea mtoto peke yake kwa sindano na ulimi, na vyote viwili ni vikali. Chuma kimerudi kinanguruma, mwanawe amerudi ndani ya sanduku. Leo kipewe na jina lake? Thubutu.

Fundi wa helikopta, mwanamume mnene aliyeruka na marehemu miaka yote, alimpokea mlangoni mwa karakana, akamvutia kiti. Mama hakukaa.

"Tulikuwa tunamwita Taratibu, mama," fundi alianza.

"Nani, mwanangu?" Mama alimkazia macho. "Nyumbani tulimwita Kishindo. Akifunga mlango, vikombe vinaruka kabatini. Una hakika unamzungumzia wa kwangu?"

Fundi akacheka, kisha akajikuta anafuta macho. Akamweleza kuwa kila asubuhi, kabla ya kuruka, rubani aliizunguka helikopta akiipapasa kwa kiganja kitupu, na akifika mbele, kwenye pua yake, anainama: "Shikamoo, bibi." Maana ilimzidi umri. Wenzake walimcheka mpaka mbavu zikawauma, lakini mwishowe wote wakawa wanaiamkia, hata mkuu wa kikosi, akidhani haonekani.

Mama alitaka kununa, ila mdomo ukamsaliti. Kumbe adabu aliyomfundisha kwa kumfinya masikio ilifika hadi ng'ambo.

"Na siku ile?" aliuliza.

"Siku ile tulibeba majeruhi. Alipigwa tukiwa angani, na hakusema kitu. Mama, aliiweka chini kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Hakuna majeruhi hata mmoja aliyeguna. Nikamgeukia nimsifu, nikakuta keshaondoka."

Hapo mama akakaa. Alilia bila kujificha, na katikati ya kilio fahari ikamjaa kifuani mpaka akaona haya. Yule mvunja vikombe wake, huku roho inamtoka, aliona kwanza wenzake wafike salama. Wangapi wangeweza?

Alipomaliza, alijifuta kwa upande wa kanga, akaenda hadi ilipo helikopta. Chini ya dirisha la rubani palikuwa na kiraka cha bati. Akakipitishia vidole kama anavyokagua pindo la nguo ya mteja. Kilikuwa kimeshika vizuri, hakuna pa kukosoa.

"Mnangoja niiamkie?" aliwauliza mafundi waliokuwa kazini. "Mimi nimeizidi umri. Yenyewe ndiyo iniamkie."

Mafundi wote waliacha kazi. Yule mnene aliitazama helikopta, akamtazama mama, akavua kofia na kuweka kiganja kwenye pua ya mashine.

"Shikamoo, mama," akasema kwa niaba yake.

Mama alimwacha angoje kidogo, kama alivyozoea kumfanyia mwanawe akichelewa kurudi nyumbani.

"Marahaba," akaitikia. "Haya, andikeni Taratibu. Kishindo niachieni mimi."