Aliyefunga Mvua ya Malindi

Vuli ilipokosa kunyesha tena, watu wa Malindi, hii yetu ya milimani, si ile ya pwani, walimgeukia Bibi Zahara, mfinyanzi, wakidai ameifunga mvua kwa uchawi, kwa sababu vyungu vyake huhitaji jua ili vikauke.

"Fungua mvua, bibi," alisema jirani yake, Shemdoe. "La sivyo uhame."

"Hata maharage yangu yamekauka, mwanangu. Nijifungie mvua mimi mwenyewe?"

Mimi ni mstaafu, na uongo ndiyo starehe yangu. Niliwahi kuapa kwamba niliuza ukungu wa milima hii mjini Tanga, kwa magunia. Lakini siku Bibi Zahara alipolaumiwa nilisimama nikasema kweli: joto hili limeletwa na watu, kwa moshi wa viwanda na magari duniani kote, na sisi tumeongezea kwa kufyeka msitu wetu.

Walicheka hadi machozi. "Mzee Hoza, leo umezidi! Moshi wa Ulaya ukaushe maharage ya Malindi?"

Bibi Zahara hakucheka. Alifunga mzigo wake, akauliza, "Nikiondoka na jua likabaki, mtamfukuza nani?"

Akashuka Mombo kwa binti yake. Mpaka leo hakuna wingu.

Jana Shemdoe alipita mlangoni kwangu, akanitazama, akaitazama milima isiyo na ukungu, wala hakuniambia shikamoo.